Moshi wa Meli Unatuhusu Hata Sisi wa Ziwani

Jina la mtaa wa Ziwani humtatiza kidogo mwanaisimu. Linadai maji, ilhali mtu akizunguka kutoka Kariokor hadi Gikomba hataona ziwa la kuelea hata mtumbwi. Maji yaliyo jirani ni ya mto Nairobi, nayo hayatamaniki. Yamkini ndiyo sababu mwalimu akitaja meli mbele ya wanafunzi wa mtaa huu, humwona kama msimulizi wa habari za Mombasa au za Ulaya, zisizowahusu ndewe wala sikio.

Zinawahusu sana. Mkate wanaounywea chai asubuhi umetokana kwa sehemu kubwa na ngano iliyovuka bahari. Robota za mitumba zinazofunguliwa Gikomba alfajiri zilishushwa Kilindini kabla ya kupandishwa huku bara. Petroli ya matatu vilevile. Kila shilingi inayotumika kununua mafuta ya meli imo ndani ya bei ya vitu hivyo, na kila tani ya mafuta hayo huacha moshi angani. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, lilikadiria kuwa mwaka 2018 meli za dunia zilitoa takriban asilimia 2.9 ya gesi joto zote zinazotokana na shughuli za binadamu.

Mnamo Julai 2023 mataifa wanachama wa shirika hilo yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo, moshi huo uwe umekomeshwa. Aprili 2025 yakaidhinisha rasimu ya kanuni za kuzitoza ada meli kubwa zinazochafua kupita kiasi. Oktoba mwaka huo huo, Marekani na Saudia zikiongoza upinzani, uamuzi wa mwisho ukaahirishwa kwa mwaka mzima. Magazeti mengi yaliandika habari hizo kana kwamba suala lote ni ada na mafuta mapya ya siku zijazo. Kwa maoni yangu, lililo muhimu zaidi kwetu ni dogo na la karibu: kuyatumia vyema mafuta yanayochomwa leo.

Chukua suala la mwendo. Nguvu inayohitajika kuisukuma meli majini hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake. Meli iliyokuwa ikienda maili 20 za baharini kwa saa ikipunguza hadi 18, nguvu hushuka kwa asilimia 27. Safari itachukua muda mrefu zaidi, ni kweli, lakini hata ukihesabu muda huo wa ziada, mafuta ya safari nzima yatapungua kwa asilimia 19 hivi. Hapo hapajanunuliwa mtambo wowote. Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwa na habari za vipeo, ila hesabu imewaunga mkono. Tatizo ni kwamba nahodha hukimbilia bandarini ili awahi foleni, kisha hutia nanga nje siku kadhaa akingoja gati. Bandari inayomweleza mapema siku ya kupokelewa imekwisha kuokoa mafuta yake angali katikati ya bahari.

Au chukua tumbo la meli. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na mradi mmoja wa IMO ilieleza kuwa utando wa ute wenye unene wa nusu milimita tu, ukifunika nusu ya sehemu iliyo majini, waweza kuongeza moshi kwa asilimia 25 hadi 30. Hili halingewashangaza mafundi wa Lamu. Tangu zamani jahazi husogezwa ufuoni maji yakijaa. Yakipwa, hukwanguliwa, likachomwa kwa moto wa makuti ili wadudu wafe, kisha likapakwa deheni. Kazi ileile hufanywa sasa kwa rangi maalumu, na kwa mashine zinazosugua meli ikiwa majini.

Tanga nalo limerejea. Mwaka 2023 meli ya mizigo Pyxis Ocean ilisafiri kutoka China hadi Brazil ikiwa imesimikwa mabawa mawili ya chuma na plastiki ngumu, kila moja likiwa na urefu wa mita 37.5. Kampuni ya Cargill iliyoikodi ilieleza mwaka uliofuata kwamba katika miezi sita ya majaribio iliokoa wastani wa tani 3 za mafuta kwa siku. Watu waliokwenda na kurudi Uarabuni kwa kaskazi na kusi wana haki ya kutabasamu kidogo.

Sasa nije kwenye taaluma yangu. Tangu mwaka 2017, kituo cha Afrika cha ushirikiano wa teknolojia ya usafiri wa baharini kimo humu nchini. Ni kimoja kati ya vitano duniani, vingine vikiwa China, Fiji, Panama na Trinidad. Chetu kinalelewa na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kwa ushirikiano na Mamlaka ya Bahari na Mamlaka ya Bandari, na kimeshughulikia takwimu za mafuta ya meli na matumizi bora ya nishati bandarini. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini ni wanafunzi wangapi wa Eastlands wanaojua kuwa ubaharia na uhandisi wa meli ni taaluma zinazosomewa papa hapa Kenya?

Tusilisingizie tatizo hilo upungufu wa msamiati. Lugha hii ina omo na tezi, mkuku na ngama, foromali na joshi. Nahodha na bandari tulivipata kwa Waajemi, roda kwa Wareno. Hata meli ni neno la Kiingereza lenye maana ya barua, kwa kuwa vyombo vya moshi vya mwanzo vilijulikana kwa kuzibeba. Lugha iliyoweza kuyapokea hayo yote haitashindwa na ufanisi wa nishati. Kinachokosekana ni vitabu na mtihani unaouliza. Hatari yake ni bayana: ada hizo zikipitishwa, zitamfikia mnunuzi wa Gikomba, na waliozijadili watakuwa wengine.

Walimu wa fizikia na wa Kiswahili katika shule moja waweza kuketi pamoja alasiri moja na kuandaa somo la pamoja, bila kungoja waraka wa wizara. Wa hisabati aweza kuwaanzishia kwa zile maili 20 na 18.