Mifupa ya Wazee wa Katangi Ipimwe Kabla ya Kuvunjika

Mfupa unaopoteza uimara hauleti homa wala maumivu. Mama wa miaka 70 huweza kuishi nao miaka mingi, akilima na akienda kanisani, hadi asubuhi anapoteleza kwenye sakafu yenye maji na nyonga ikavunjika. Majirani husema ni uzee. Kumbe ni ugonjwa, osteoporosisi, wenye kipimo na wenye dawa. Inakadiriwa kwamba duniani mwanamke 1 kati ya 3 waliovuka miaka 50 atavunjika mfupa kwa sababu yake, na mwanamume 1 kati ya 5.

Katangi, katika kaunti ya Machakos, isingoje zamu yake.

Kipimo chenyewe hakitishi. Mtu hulala chali, mkono wa mashine ya DXA ukapita juu ya kiuno na nyonga kwa dakika 10 hadi 20. Hakuna sindano, na mionzi yake ni kidogo kuliko ya eksirei ya kifua. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1994, mwenye alama ya T (T-score) ya -2.5 au chini ya hapo ana osteoporosisi. Kazi ni kuifikia mashine: Kenya inazo chache, nyingi ziko Nairobi, na nauli peke yake humshinda mjane anayeuza ndengu.

Lakini kutambua nani aliye hatarini kunaweza kuanzia nyumbani. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mizani, kipima shinikizo la damu na kipima sukari. Kikundi cha akina mama kikiongeza utepe wa fundi cherehani, kazi imeanza. Mzee avue viatu, visigino na mgongo viguse ukuta, urefu uandikwe daftarini, kisha ulinganishwe na ule aliokuwa nao ujanani. Aliyepungua sentimita 4 huenda pingili za mgongo wake zimeshabonyea bila yeye kujua. Yafuate maswali: aliwahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu? Mzazi wake alivunjika nyonga? Hedhi ilikoma kabla ya miaka 45? Ametumia dawa ya prednisolone kwa miezi? Anavuta sigara?

Wasiachwe wanaobeba maji. Uwanda wa Yatta, ilipo Katangi, ni mkavu, na mtungi wa lita 20 ni kilo 20 zinazoning'inia mgongoni kwa mkanda uliopita kichwani, mbebaji ameinama mbele. Kazi humjenga mifupa msichana. Lakini mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo huweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa, mzigo wa namna hiyo ndio unaombonyeza pingili. Bomba likisogezwa karibu, mgongo wake umepata tiba. Kabla halijafika, vijana wa boma wachukue mtungi huo, na nyanya aendelee kutembea, kwa kuwa mfupa usiofanya kazi hupungua upesi zaidi.

Chakula nacho kina sehemu yake. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, na glasi ya maziwa hutoa karibu 300. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, pekee haufiki huko. Uji wa wimbi, majani ya kunde na omena inayoliwa na mifupa yake huziba pengo.

Kazi hii yote ni ya vikundi, na Ukambani hakuna haja ya kufundishana kushirikiana. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiona ardhi ya Machakos kama iliyokwisha kuharibika. Baadaye matuta yalichimbwa mlima baada ya mlima, mengi yake kwa nguvu ya mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi. Vikundi hivyo vingalipo, na sasa viwashughulikie wazee kama vilivyoshughulikia mashamba.

Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti huduma za afya, na makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Kila kikundi cha Katangi kipeleke daftari lake kwenye kikao cha maoni ya umma kabla ya tarehe hiyo, likiwa na idadi ya waliopungua urefu na waliowahi kuvunjika, bila majina yao, na kiombe mambo mawili: kipimo cha DXA kwa bei nafuu katika Hospitali ya Machakos Level 5, na usafiri wa kuwafikisha wazee huko.