Mvivu Gani Huyu?

Katika madarasa mengi ya shule zetu za msingi hapa Tanzania, imla bado inaendeshwa kwa hesabu rahisi: maneno kumi, na kila unalokosa lina kiboko chake. Yupo mtoto anayeijua idadi yake kabla mwalimu hajafungua kinywa. Ataandika "baba" palipotajwa "dada", na "ndizi" itatoka "nizdi". Mwalimu anasema huyu ni mvivu. Mama akiitwa shuleni anaunga mkono: akili anazo, akitumwa dukani hakosei chenji hata shilingi, ila kusoma hataki. Baba analipia tuisheni. Mwaka unaisha, mtoto anakariri darasa.

Hataki! Hebu mtazameni anavyonakili kutoka ubaoni. Anainua kichwa, anachukua herufi moja, anainama, anaiandika. Anainua tena. Jirani yake amechukua sentensi nzima kwa mtazamo mmoja na sasa anachezea rula. Yeye bado yuko katikati ya sentensi hiyohiyo kengele inapogongwa na kiranja anafuta ubao. Au mpeni asome neno "hawakutusubiri". Ha, wa, ku, tu... Akifika "ri", ile "ha" ya mwanzo imeshampotea, na pamoja nayo habari nzima kwamba watu hao waliondoka bila kungoja. Wapo wanaoukariri ukurasa mzima kwa kuwasikiliza wenzao, kisha wanasimama na kuusoma bila kukwama, kidole kikiwa mstari mwingine kabisa. Mvivu gani huyu mwenye nguvu za kumeza kitabu kizima?

Hali hii inaitwa disleksia, na si jambo la juzi. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la British Medical Journal habari za Percy, kijana wa miaka 14. Alikuwa amefundishwa kusoma tangu ana miaka 7, kwa jitihada kubwa, na bado aliandika jina lake mwenyewe "Precy" asione kosa. Kijana huyohuyo aliambiwa azidishe 749 kwa 867, akazidisha upesi na akapata. Mwalimu aliyemfundisha kwa miaka kadhaa alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, huyo angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Mwalimu wa karne ya kumi na tisa aliliona hilo. Sisi, wa karne ya ishirini na moja, tunamwita kilaza.

Kwa wengi wenye hali hii, shida iko kwenye sauti: kulipasua neno linalosikika katika sauti ndogondogo, kisha kuifunga kila sauti na herufi yake. Haitokani na akili ndogo. Na mara nyingi hutembea katika ukoo, kwa hiyo baba anayefoka kwamba mtoto huyu hakumrithi yeye angejiuliza kwanza kwa nini yeye mwenyewe humpa mkewe barua za shule azisome.

Najua jibu linalokuja: sisi tulichapwa na tukasoma. Ndiyo, na anayesema hivyo ni yule aliyesoma. Waliochapwa wasisome hawaalikwi kwenye mjadala huu. Waliacha shule mapema, wengine leo ni mafundi hodari na wengine ni matingo, na hakuna aliyeandika popote kwamba kwao fimbo ilishindwa kazi. Isitoshe, kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na iwe kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kuandika "nizdi" ni utovu gani wa nidhamu?

Kuna pia wanaodai haya ni maradhi ya Wazungu, kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Hapa wamegusa ukweli kidogo, halafu wakaishia njiani. Ni kweli tahajia yetu ni ya huruma. Mtoto mwenye disleksia isiyo kali anaweza hatimaye kusoma Kiswahili bila makosa mengi, ila polepole mno, kama anayepanda mlima. Kwa kuwa anafika, hakuna anayeuliza amefikaje. Anajikokota hadi kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza, anakutana na "though", "through" na "tough", herufi zinafanana na kila moja ina sauti yake. Anazama. Nyumbani wanasema amebweteka baada ya kuingia sekondari, au ni marafiki wabaya, au ni simu.

Dawa tunazozikimbilia zina kasoro ileile ya kutouliza kwa nini anakwama. Kukariri darasa ni kumpa mtoto mwaka mwingine wa njia iliyokwisha kumshinda, safari hii akiwa mrefu kuliko wenzake kwenye dawati. Tuisheni mara nyingi ni mwalimu yuleyule, ubao uleule, saa kumi jioni, kwa malipo. Kinachosaidia ni kurudi kwenye sauti: moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, mtoto aisikie, aitamke, aichore kwa kidole mchangani huku akiitamka, kisha ndipo aiandike. Samuel Orton na Anna Gillingham walijenga mbinu ya namna hii huko Marekani karibu miaka 90 iliyopita. Mchanga hauagizwi kutoka nje.

Wapo pia wanaosema kumsaidia mtoto huyu kwenye mtihani ni "upendeleo", na neno hilo ndilo linalonikera zaidi. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Hakuna mtu mwenye utu anayelalamikia hilo. Kila mwaka matangazo ya mtihani wa darasa la saba huwataja pia viziwi, wenye ulemavu wa viungo na wenye ulemavu wa akili. Mwenye disleksia sijawahi kumwona kwenye orodha hiyo. Omba asomewe swali la Sayansi na utaambiwa unataka abebwe. Abebwe wapi? Swali linauliza mmea unatengenezaje chakula chake, na hilo analijua. Tunampima kasi ya macho, halafu tunaandika kwenye cheti kwamba tumempima Sayansi.

Walimu wana hoja nzito kuliko zote hizi. Mwenye watoto mia darasani atamfundishaje mmoja peke yake? Chuo cha Patandi kinatoa walimu wa elimu maalumu, lakini wengi wao tunawategemea kwenye vitengo na shule maalumu, wakati mtoto huyu amekaa kwenye darasa la kawaida na hana fimbo nyeupe wala kifaa sikioni cha kumtambulisha. Hilo ni deni la serikali. Lakini mtoto hawezi kungoja lilipwe, na kuacha kumsimamisha ghafla asome mbele ya wenzake hakuhitaji bajeti. Kusahihisha jibu la Jiografia bila kukata alama za tahajia hakuhitaji semina. Wala kumwacha anakili kutoka daftari la jirani baada ya ubao kufutwa.

Darasa la pili watoto hupimwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Anayejibu vizuri kwa mdomo kisha akaanguka kwenye karatasi ameshajitambulisha mapema. Taarifa hiyo iandikwe na imfikie mwalimu wa darasa la tatu kabla muhula haujaanza. Na wewe mzazi, siku utakapoitwa shuleni kuambiwa mwanao ni mvivu, usikubali upesi. Uliza kwanza: mlipompima kwa mdomo, alipata ngapi?