Ukuta Upi Hudumu?



Wasomaji wetu watukufu, mwenye kujenga hapa kwetu pwani hupambana na maadui watatu: chumvi iletwayo na upepo wa bahari, mvua ya masika, na mchwa walio ardhini. Fedha ya kujengea, hasa kwa mama aliyeikusanya kidogo kidogo katika chama, si fedha ya kupatikana mara mbili. Kwa hivyo tumeona wiki hii tulinganishe kuta zetu, ili kila mmoja ajue ukuta wake utaishi kwa masharti gani.

Tuanze na jiwe la matumbawe. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, na kuta zake zingalipo. Kuta za Gedi zimesimama ingawa wenyewe walihama karne nyingi zilizopita. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una nyumba za mawe ambazo watu wangali wakizaliana ndani yake. Siri yao ni mbili: unene wa ukuta, na chokaa. Chokaa ni laini, nayo huupa unyevu njia ya kutoka. Jiwe likilowa, hukauka tena bila ya kudhurika.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Nyumba ya mawe ya kale ikipigwa plasta ya simiti kwa nia ya kuiimarisha, huwa imedhulumiwa. Simiti hufungia unyevu ndani; chumvi huganda nyuma ya plasta, huisukuma mpaka ikabanduka, na jiwe lenyewe huanza kuwa unga. Mwenye nyumba kama hiyo na atafute fundi ajuaye chokaa. Pia alitazame paa, kwa kuwa ncha za boriti zilizozama ukutani huozeshwa na maji yavujayo, na boriti ikioza dari haina pa kushika.

Matofali ya simiti ndiyo yatumiwayo zaidi siku hizi, na yakitengenezwa vyema hudumu miaka mingi, wala mchwa hayali. Lakini tofali hutofautiana na tofali. Likwaruze kwa msumari: likimomonyoka kama keki kavu, simiti yake ni haba. Muulize fundi mchanga umetoka wapi. Mchanga wa ufuoni usiooshwa una chumvi, na chumvi ndiyo adui wa nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, ikapasua nguzo kutoka ndani. Wewe unaona ufa mwembamba tu, na kumbe chuma kimekwisha. Kisha usimwache fundi aharakishe kazi. Ukuta mpya na plasta yake huhitaji kumwagiwa maji kila siku kwa muda wa siku saba hivi, ili simiti ishike. Maji hayo ni rahisi kuliko kujenga tena.

Ukuta wa fito na udongo wengi huudharau, nao hawautendei haki. Una ubaridi mzuri wakati wa kaskazi, na vifaa vyake viko karibu. Umauti wake uko mahali pawili: chini, ambapo maji ya mvua hurukia na mchwa huingia kwenye nguzo, na juu, paa likiwa fupi. Uinulie msingi wa mawe, urefushe upenu wa makuti, na kila baada ya masika ukandike palipobanduka. Ukitunzwa hivyo utalea watoto mpaka wawe watu wazima. Ukiachwa misimu miwili mitatu, fito huonekana kama mbavu.

Ama ukuta wa mabati, sifa yake ni wepesi wa kusimamishwa. Karibu na bahari kutu huanzia palipopigwa misumari na palipokatwa. Anunuaye na akumbuke kwamba namba ya geji ikiwa kubwa bati huwa jembamba: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Na joto la mchana ndani yake, walijuao ni mama na mtoto mchanga wanaoshinda humo. Bati ni la kujistiri kwa muda huku mtu akijipanga.

Basi ukuta upi hudumu? Jiwe na chokaa limeshinda kwa ushahidi wa karne. Hata hivyo, tunaona nyumba za mawe zikianguka katika miji yetu huku kibanda cha udongo cha jirani kimesimama. Sababu tunaijua. Nyumba ya mawe ina warithi kumi na wawili. Kila mmoja hungoja fungu lake la kodi, na hakuna anunuaye chokaa. Paa huvuja, boriti huoza, na siku ukuta unapolala hauchagui mpitaji wala mpangaji.

Katika mambo ya wakfu wanazuoni wameeleza kwamba mapato yake huanza kuitengeneza mali yenyewe, kisha ndipo wanufaika wagawiwe. Nyumba ya mirathi si wakfu, lakini warithi wakikubaliana wanaweza kuufuata mwendo huo: watenge sehemu ya kodi kila mwezi, wamteue mmoja wao mwaminifu aiweke na kuiandika, na kila mwaka kabla ya masika fundi apande juu kutazama. Akina mama mara nyingi ndio wanaoishi chini ya dari hizo, na ndio wa kwanza kuuona ufa. Wakisema, wasikilizwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo hatuna tena uwezo wa kuzijenga.

Wabillahi tawfiq.