Mfupa Uliovunjika Ukaunga

Watu wengi husema kwamba mfupa uliovunjika, ukiisha kuunga, huwa na nguvu kuliko ule usiopata kuvunjika kamwe. Neno hili lina ukweli kidogo tu, nalo laweza kumrudisha mtu hospitalini.

Mahali palipovunjika, kwanza damu huganda, kisha huota gegedu laini ambalo baada ya majuma machache hugeuka kuwa mfupa. Mfupa huo mchanga umefumwa ovyo, kama ukuta ambao fito zake zimefungwa pasipo mpango. Kwa hiyo ni dhaifu kuliko ule wa zamani. Mwili hufidia udhaifu huo kwa unene, ndiyo ile nundu ambayo watu huidhania kuwa ni nguvu.

Baadaye, kwa muda wa miezi na hata miaka, nundu hupungua na fito hupangwa upya kwa kufuata mzigo unaobebwa, kama alivyoeleza daktari Mjerumani Julius Wolff mwaka 1892. Mwishowe mfupa huweza kurudia nguvu zake za kwanza, wala hauzidi hapo.

Basi mkulima aliyeondolewa plasta leo asikimbilie jembe kesho. Na aanze kwa kazi nyepesi, kadiri atakavyoagizwa na daktari.