Kompyuta za Stoo Bado Zina Uhai

Ndugu zangu wa Kwale, kuanzia Tiwi hadi Vanga, nina ombi. Kabla hamjaandika barua ya kuomba kompyuta mpya, fungueni kwanza zile zilizorundikwa stoo.

Nyingi hazijafa, zimezibwa. Feni ya kompyuta ya mezani huvuta hewa mchana kutwa, na hewa ya Diani na Msambweni ina chumvi. Kule Kinango huja na vumbi jekundu la barabara. Uchafu huo huganda kwenye mabamba ya kipoza joto kilicho juu ya prosesa hadi ukawa utando mzito kama pamba. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujizima yenyewe isije ikaungua, nasi twasema mashine imekufa.

Chumvi ndiyo mbaya zaidi, kwani hunasa unyevu na shaba ikaota kutu ya kijani. Kwa hivyo sisi wa pwani tusingoje mwaka uishe. Kila muhula ukifungwa, tusafishe.

Chomoa waya ukutani, toa sanduku barazani, na uguse chuma chake kwanza, maana umeme tuli wa mwilini waweza kuua saketi. Pangusa kwa brashi laini iliyo kavu au upulize kwa blowa, huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke. Ikiwa mashine hulia tu na kioo kikabaki cheusi, chomoa ramu, yaani kadi ya kumbukumbu, usugue meno yake taratibu kwa raba ya penseli, kisha uirudishe. Mara nyingi huwaka papo hapo. Kisanduku cha pawa usikifungue kamwe. Hubaki na umeme hata kikichomolewa.

Kisha kuna ile betri bapa ya CR2032, ya volti 3, inayotunza saa ya kompyuta. Ikiisha, kila mashine ikikosa stima tarehe hurudi miaka ya nyuma, na tovuti za serikali hukataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vya usalama havilingani na tarehe hiyo. Hebu fikirieni mtoto aliyetoka Lunga Lunga kuja saiba kuomba mkopo wa masomo wa HELB siku ya mwisho, akaambiwa mtandao umekataa, kumbe ni betri inayouzwa hata dukani kwa fundi wa saa. Jambo hili laniuma sana.

Nawaomba wenye saiba pale Ukunda mkague tarehe kila asubuhi. Walimu wakuu na bodi za shule, msitupe mashine kabla haijafunguliwa. Nanyi vijana mliosomea kompyuta vyuo vya ufundi, ambao bado mwasaka kazi, tengeni Jumamosi moja kabla shule hazijafungwa. Rudini shule mliyosoma, ombeni funguo za stoo, bebeni brashi zenu, na muwaite wanafunzi wasimame karibu waone kila skrubu inavyofunguliwa na kurudishwa.