Trisikle imebadilishwa moteri: tupime moshi, si karatasi tu

Wasikilizaji wetu wa Lubudi, na ninyi ndugu mliofika huku na mizigo kichwani, maoni ya leo ni juu ya trisikle, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye sanduku nyuma. Inabeba mahindi, makala ya kupikia, bidoni za maji, saruji, na usiku mwingine inabeba mgonjwa. Familia ngapi zimehama nyumba kwa trisikle? Ninasema wazi: siku viongozi wataleta masharti ya moshi, wapime kile kinachotoka kwenye bomba. Wasihukumu chombo kwa sababu ni cha zamani au moteri yake si ile iliyokuja nayo.

Kuna watakaouliza kwa nini nasumbuka na masharti ambayo bado hayajatufikia. Yako njiani. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi. Sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 ilikuja kuweka misingi ya kulinda mazingira hayo. Kwa jirani zetu wa Rwanda, tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya esansi haiandikishwi tena kwa kazi ya taksi mjini Kigali. Lazima iwe ya umeme. Jambo la namna hiyo likifika Lualaba bila sisi kuzungumza mapema, dereva wa trisikle ndiye atalipa.

Tuangalie kwanza chombo chenyewe. Trisikle nyingi zinasafirishwa zikiwa vipande ndani ya sanduku: shasi, mapine, sanduku la mizigo, moteri. Fundi anaziunga kwa bulo. Kwa hiyo moteri yake ni kitu cha kufungua na kufunga, si sehemu ya mwili wake. Ikikufa, mwenye chombo hatafuti trisikle nyingine. Anatafuta moteri ya pikipiki iliyoanguka, anaipeleka kwa mekanisie, na keshokutwa chombo kiko barabarani. Mimi naona huo ni ufundi wa kuheshimiwa.

Lakini ufundi huo una hatari yake. Moteri ya pikipiki ya kawaida imezoea kupozwa na upepo wa mwendo. Ukiiweka chini ya mzigo wa saruji, ikipanda polepole kwenye mchanga, upepo hauipati. Ndiyo maana trisikle nyingi za mizigo zinatoka kiwandani na radiateri ya maji. Moteri ndogo isiyo na maji inachemka, segma zinalegea, oili inapanda juu ya pistoni na kuungua pamoja na esansi. Hapo bomba linatoa moshi wa bluu. Moshi mweusi una sababu nyingine: esansi ni nyingi kuliko hewa, mara nyingi kwa sababu karburateri haikupangwa kwa moteri ile, au filtre ya hewa imejaa vumbi. Na vumbi kwetu si la kutafuta. Fundi mzuri anatofautisha rangi hizo kabla hajashika ufunguo, na karburateri anaweza kuirekebisha asubuhi moja.

Kuna pia moteri za zamani za aina ya taimu mbili, ambazo oili inachanganywa na esansi. Mnakumbuka Yamaha AG100 za wamisionari na mashirika? Zilikuwa ngumu kama jiwe, lakini sehemu ya mchanganyiko ule inatoka kwenye bomba bila kuungua. Mtu akitoa moteri ya namna hiyo kwenye chombo chake na kuweka ya taimu nne yenye afya, amesafisha hewa ya mtaa wake. Kwa macho ya sheria, hata hivyo, amejiingiza kwenye matata, kwa sababu namba iliyochongwa kwenye moteri haifanani tena na ile iliyo kwenye karatasi. Akisimamishwa barabarani, ataulizwa namba. Hakuna atakayeinama kuangalia bomba.

Kodi yetu ya barabara ni sheria namba 78-022 ya 30 Agosti 1978. Trisikle hizi za kuungwa hazikuwa kwenye barabara zetu wakati ule. Nchi nyingine zimeshakutana na swali hili. Uingereza kuna watu wanaojenga gari ndogo nyumbani kwa vipande vya kununua, na wengine wanaweka moteri ya pikipiki kama Suzuki Hayabusa. Serikali yao haiwakatazi. Mtu anapeleka gari lake kukaguliwa, anaonyesha uthibitisho wa mwaka wa moteri, na moshi unapimwa kwa kipimo cha mwaka ule. Ni matajiri wanaocheza, najua, lakini kanuni yao ina akili.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu ni Ufilipino, ambako trisikle ni mkate wa watu wengi. Mji wa San Fernando, jimbo la La Union, ulipotaka kuondoa moteri za taimu mbili, uliwapa madereva mkopo usio na riba wabadilishe. Na katika mji wa Vigan mafundi walirekebisha moteri zilezile kwa vifaa vipya vya kuingiza esansi, chombo kikabaki kilekile.

Wengine watasema turuke moja kwa moja kwenye umeme. Kobalti nyingi ya betri za dunia inatoka katika nchi hii, na sehemu kubwa iko chini ya miguu yetu hapa Lualaba. Ningefurahi kuona trisikle ya umeme ikipita sokoni Lubudi. Lakini umeme wa Nzilo na Nseke, katika jimbo letu hilihili, bado haujafika kwenye nyumba za wengi wetu, sembuse mahali pa kuchaji. Anayeleta umeme alete waya kwanza.

Sikubali kwamba maskini hawana haki ya kudai hewa safi. Mama anayeuza beignet kando ya maegesho anavuta ule moshi wa bluu tangu asubuhi, mtoto yuko mgongoni. Hata hivyo, kijana aliyefika hapa bila kitu, anayeendesha chombo cha mwingine na kutoa versema kila jioni, hawezi kubeba gharama ya moteri mpya. Mwenye chombo ndiye abebe. Na ofisi inayopokea kodi ya magari itoe karatasi ya bei ndogo ya kuandikisha moteri iliyobadilishwa, baada ya fundi anayetambuliwa kuithibitisha na moshi kupimwa.

Ofisi hizo hazitaamka kesho. Kwa hiyo anayenunua moteri wiki hii amwombe muuzaji aandike, hata kwa mkono, jina lake, tarehe, na namba iliyochongwa kwenye moteri. Kisha wote wawili watie sahihi mbele ya mkuu wa avenyu.