Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Kila ifikapo Januari, mvua za vuli zikiisha na Mlima Kenya ukijitokeza wazi asubuhi, vijana wa mtaani kwetu hunijia na swali moja: mtu anayekwenda kupanda mlima na kulala hemani afungashe nini? Huniuliza mimi kwa kuwa wanajua nimefika Lenana, mita 4,985, jambo ambalo nimelisimulia mara nyingi kuliko linavyostahili. Lakini siku hizi, kabla ya kuwajibu, mimi nami huwauliza: mzigo huo ataubeba nani?

Wengi hucheka. "Si mpagazi, Mzee? Ndiyo kazi yake."

Hapo ndipo tunapoachana njia, nami nitaeleza sababu, ijapokuwa kuieleza kunanitia haya.

Tulipanda mwezi wa Februari mwaka wa 2019, watu wanne wa ofisi moja, kwa njia ya Naro Moru. Mimi nilifungasha kama mtu anayehama nyumba. Nilitia sufuria mbili, birika la chuma, redio, viatu vya ngozi vya kubadilisha, suruali mbili za jinzi, sweta tatu, na kilo 3 za maharagwe makavu, maana mama watoto alishikilia kwamba chakula cha mikebe hakimpi mtu nguvu. Shanta langu lilipotundikwa kwenye mizani lilikuwa kilo 23. Kampuni iliyotupangia safari haikusema neno. Kijana mmoja mwembamba alilitupa mgongoni, akaweka kifurushi chake mwenyewe juu yake, akatangulia. Kile kifurushi nilikiona. Kilikuwa kidogo kama cha mtoto anayekwenda kulala kwa shangazi yake siku moja. Nikasema moyoni, hawa watu wa mlimani wamezoea baridi.

Usiku wa kwanza tulilala kwenye Kituo cha Hali ya Hewa, mita 3,050. Siku ya pili tukapanda kile kinamasi ambacho kila aliyepita njia hiyo hukilaani, tukaingia Bonde la Teleki mpaka kambi ya Mackinder, yapata mita 4,200, na mvua ya barafu ikatupiga njiani. Jioni nikatoa maharagwe yangu kwa fahari. Yule kijana akayatazama, akasema kwa adabu, "Mzee, haya huku hayaivi, hata tukikaa mpaka Pasaka." Sikumsadiki. Walakini katika kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, si 100 kama tulivyofundishwa shuleni. Yalitokota saa tatu, mafuta ya jiko yakaisha, na maharagwe yangali mawe. Tulicheka sote, naye alicheka. Alikuwa ameyabeba siku mbili.

Usiku wa manane nikatoka kwenda haja. Tochi yangu ilimwangukia amekaa kitako, hakulala, amejifunika blanketi moja jepesi, miguu ameitia ndani ya gunia, raba zake zimelowa kando yake. Wakati huo sweta zangu mbili zilikuwa chini kabisa ya shanta, kavu, zimekunjwa vizuri na mama watoto. Nilimwambia pole. Kisha nikarudi hemani nikalala.

Alfajiri mimi nilipanda Lenana nikapigwa picha. Yeye aliteremshwa na mwenzake akikohoa. Nilipompigia simu baadaye aliniambia amekaa wiki tatu bila kazi kwa maradhi ya kifua, na mpagazi hulipwa kwa siku alizobeba.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ninahofu siku hizi watu wanaisikia methali hiyo kama habari ya kweli badala ya kejeli. Hata misafara iliyotoka pwani kwenda bara katika karne ya 19 ilikuwa na kipimo chake: mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila 2 hivi, yaani kilo 30 na kidogo, na aliyeonewa aliweza kuutua njiani na kutoroka. Kisha vikaja vita vya 1914 mpaka 1918, na Waafrika wakakusanywa, wengi wao kwa nguvu, kuwabebea askari risasi na vyakula. Walikufa kwa maelfu, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Jina la kikosi chao ndilo lililobaki Kariokor hapa Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam. Tunakwenda pale kununua vyondo na kula nyama choma, lakini ni wangapi wanaokumbuka jina lile lilitoka wapi?

Mtu ataniambia: ukipunguza mzigo unampunguzia kijana wa watu riziki. Hoja hii nimeisikia mara nyingi, hata kutoka kwa wapagazi wenyewe, kwa hiyo siipuuzi. Lakini mpagazi halipwi kwa birika langu. Hulipwa kwa siku. Kama shehena ni ya watu wawili, na waajiriwe wawili. Anayeshindwa kumlipa wa pili aache redio nyumbani.

Basi nikiulizwa sasa nifungashe nini, nasema hivi. Jinzi hapana, maana nguo ya pamba ikilowa haikauki mlimani na humnyonya mtu joto. Tafuta sufu, ambayo hata ikiwa na unyevu bado huhifadhi joto. Gikomba, kwenye mitumba, utapata sweta na makoti mazuri bila kuuza mbuzi. Mfuko wa kulalia uweke chini, vitu vizito viwe katikati karibu na uti wa mgongo, koti la mvua liwe juu kabisa, kwani mvua haitakungoja ufumue shanta zima. Maji yatie katika chupa ya bati; mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2017, na chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga na misitu ya hifadhi tangu Juni 2020. Chakula kiwe cha kuiva upesi. Juu ya maharagwe nimekwisha sema.

Na langoni, kabla hamjaanza kupanda, mwombe mpagazi akuonyeshe kifurushi chake. Usione haya. Ana koti? Ana soksi kavu? Atalala ndani ya nini? Akiwa hana, safari isianze mpaka apate, na kama kampuni inanung'unika, inung'unike ikiwa hapo chini ambako kuna joto.

Mimi nimekwisha panga kupanda tena Februari ijayo. Shanta liko karibu na mlango. Nimelipima kwa mizani ya jirani yangu muuza viazi: kilo 11. Juu kabisa, chini ya koti la mvua, kuna sweta mbili nene za sufu ambazo hazinitoshi mimi.